Ukuta Haukuwa Mtupu

Kuna kisa nimekisimulia mara nyingi kwenye semina za sanaa hapa Dar es Salaam, na kila mara nakiharibu mahali palepale. Ni kisa cha ukuta wa Tandale. Naeleza tulivyochora picha kubwa, tulivyokuja kugundua kwamba tumefunika alama za watu, na tulivyosikitika. Wasikilizaji hutikisa vichwa, mmoja huuliza swali la upole, kisha tunaenda chai. Ninapokiharibu ni pale ninaposema, "Hatukujua." Wenzangu kweli hawakujua. Mimi nilijua.

Ilikuwa 2017. Nilikuwa mratibu wa mradi katika taasisi ndogo ya sanaa ambayo jina lake silitaji, kwa sababu kosa ni langu na taasisi yenyewe ilishafungwa. Tulikuwa watu wanne, kompyuta mbili, na printa iliyokuwa ikitafuna karatasi. Michoro ya ukutani haikuwa jambo geni tena jijini. Vijana wa Wachata Crew walikuwa wameanza miaka kumi hivi nyuma, wakatuonyesha kwamba grafiti inaweza kuzungumza Kiswahili na isionekane imeazimwa. Kule Mikocheni, Nafasi Art Space iliyoanzishwa 2008 ilikuwa imeshawapa wachoraji wengi mahali pa kufanyia kazi, studio zikiwa ndani ya makontena. Sisi tuliokuja nyuma yao tuliona mavuno, hatukuona palivyolimwa. Tukaandika andiko, fedha zikapatikana: kuta nne, mbili Kinondoni na mbili Temeke, miezi tisa.

Miezi tisa ya kwenye karatasi. Fedha ziliingia mwisho wa Mei, masika yakiwa bado yanadondoka, na ukuta uliolowa haupakwi rangi. Mpaka ukauke, mpaka barua zetu zijibiwe na halmashauri na serikali za mitaa, ikawa Agosti, na mgeni wa mfadhili alikuwa anakuja Ijumaa ya mwisho ya mwezi huo. Tandale ilikuwa ndiyo kete yetu. Ndiko alikokulia mwanamuziki Diamond Platnumz, na sentensi hiyo moja iliuza andiko kuliko kurasa zangu zote kuhusu "nafasi shirikishi".

Ukuta wenyewe ulikuwa ubavu wa nyumba ya kupangisha, vyumba vinane, kwenye kichochoro kinachoteremka hadi Mto Ng'ombe. Hatua kumi na nane kutoka kona hadi kona, plasta nzuri, chokaa iliyopauka. Chini yake alikaa fundi baiskeli, mzee mwembamba, na beseni lake la maji la kutafutia pancha, pampu ya mguu, na matairi yaliyoning'inia kwenye msumari. Nyuma ya mgongo wake, kwenye plasta, palikuwa na mistari mitatu myekundu iliyolala, kila mmoja na tarakimu pembeni. Wa juu ulinifika kifuani: 12/2011. Wa kati, kiunoni: 4/2014. Wa chini, magotini: 5/2015.

Aliyekuwa Dar miaka hiyo hahitaji kuelezwa. Mvua za Desemba 2011 ziliua zaidi ya watu 40 jijini, na familia za bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Mto Ng'ombe unamwaga maji yake Msimbazi, na Msimbazi ukijaa, Ng'ombe nao unarudi majumbani. Nilisoma tarakimu zile nikaelewa papo hapo. Hata picha nilipiga, ninayo mpaka leo, na kivuli changu kimelala juu ya mstari wa kati.

Fomu yetu ya ukaguzi ilikuwa na sehemu ya hali ya ukuta, na majibu matatu ya kuchagua: mtupu, una maandishi, umebomoka. Ukichagua "una maandishi" unatakiwa umtafute mwenye maandishi, akubali kwa saini, barua ipite kwa mkurugenzi wetu. Wiki mbili. Nikaweka alama ya vema kwenye "mtupu".

Mwenye nyumba hakuwa akiishi pale, alikuwa na nyumba nyingine Goba. Alikuja siku hiyohiyo kwa bodaboda, akatununulia soda, akasaini kabla hajauliza tutachora nini. "Dada, choreni mnachotaka," akaniambia, "mradi ukuta ufunikwe wote. Wote, mpaka chini." Niliandika kwenye daftari langu kwamba jamii imeupokea mradi kwa shauku kubwa. Miezi ilipita ndipo nikaambiwa shauku ile ilitoka wapi. Mpangaji anayetafuta chumba akiiona ile mistari alikuwa na hoja ya kupunguziwa kodi. Wengine waliisoma wakageuza hapohapo. Madalali walikuwa wanawapitisha wateja njia ya juu, au wanawaleta baada ya magharibi.

Kikao cha kushirikisha jamii tulikifanya Jumanne, saa nne asubuhi, ofisi ya serikali ya mtaa. Watu 31 walisaini karatasi ya mahudhurio, kila mmoja akapewa nauli ya shilingi 5,000, hata wale waliovuka barabara tu. Nani huwa nyumbani Tandale saa nne asubuhi ya Jumanne? Wapangaji walikuwa sokoni wanapima mahindi na maharage, wengine Kariakoo, wengine kwenye saiti za ujenzi. Waliokuja ni wenye nyumba, wajumbe, na jamaa wa wajumbe. Fundi baiskeli hakuja. Nilipomuuliza baadaye kwa nini, alinijibu bila hasira, "Kile kikao kilikuwa cha wenye nyumba, mwanangu. Mimi nina pampu."

Mchoraji wetu alikuwa kijana aliyejifunza kazi kwa kuandika vibao vya saluni. Jumatatu ya wiki ya kazi alipitisha kiganja ukutani, akakisimamisha kwenye mstari wa juu, akaukwaruza kwa ukucha. "Dada, hii ni rangi ya baiskeli. Ya mafuta. Ya kwetu ni ya maji, haitashika juu yake, itabanduka. Tupige msasa, tupake pramia, ikauke. Siku mbili."

Alichosema ni elimu ya kawaida kwa mtu yeyote anayeshika brashi mji huu. Edward Saidi Tingatinga, aliyetoka Tunduru akaanza kuchora hapa Dar mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia rangi hizohizo za kung'aa, zile za kupakia baiskeli, juu ya vibao vya mraba. Aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Alichora kwa miaka michache tu, na rangi yake bado inang'aa kwenye kuta za wanaoweza kuinunua. Rangi ya mafuta ikishakauka ni kioo, na ukipaka rangi ya maji juu ya kioo unajua itakavyokuwa. Nami nilijua, nilikuwa nimesomea sanaa. Lakini siku mbili za msasa zilikuwa zinatupeleka Jumapili, na mgeni alikuwa anakuja Ijumaa.

Kisha kijana akashusha sauti, kama mtu anayeuliza habari za msiba. "Na hii miaka, dada, tuifanyeje?"

Nikasema, "Funika."

Kuna jambo dogo la lugha ambalo limenisumbua kuliko hata neno hilo. Ilibidi fundi baiskeli ahame pale kwa siku tano ili tusimamishe ngazi. Tulimfidia shilingi 20,000, akasaini stakabadhi kwa herufi kubwa, akaanza kuondoa kibanda chake kigingi kimoja kimoja. Alipomaliza alisimama akautazama ukuta, akaniuliza, "Mtairudisha?"

Angekuwa anauliza kibanda, angesema mtakirudisha. Hakusema hivyo. Aliuliza mistari, na Kiswahili hakikuniachia pa kujificha. Nikajifanya sikusikia vizuri. "Tutakirudisha mzee wangu, usiwe na wasiwasi. Jumamosi utakuwa hapahapa." Alisema "i", nikamjibu "ki". Alinitazama kidogo, akasema, "Haya," akabeba pampu yake.

Picha ilitoka vizuri, sitaki kudanganya. Msichana aliyekaa chini ya mbuyu anasoma kitabu, na kurasa za kitabu zinageuka samaki, ndege na daladala. Msichana anayesoma nina hakika umeshakutana naye mahali; sisi watu wa miradi tunampenda sana, kwa sababu hakuna mfadhili aliyewahi kumkataa. Ijumaa mgeni alifika, watoto wakajipanga mbele ya ukuta, tukapiga picha. Mkurugenzi alinipongeza mbele ya watu. Usiku ule nililala vizuri. Naliandika hili kwa sababu watu wakiungama hupenda kusema hawakupata usingizi.

Mvua kubwa zilikuja katikati ya Aprili 2018. Maji yaliposhuka nilikwenda Tandale na kamera ya ofisi. Magodoro yalikuwa juu ya mabati, watu wakikomba tope kwa sahani na ndoo, na harufu ile ya choo kilichofurika ambayo haielezeki kwa asiyeijua. Ukuta wetu ulikuwa umesimama. Kiunoni mwa yule msichana, juu ya kitabu chake, palikuwa na mchirizi wa tope ulionyooka kama uliopigwa kwa rula.

Kwenye mlango wa chumba cha tatu palikuwa na mama mdogo, miaka ishirini na kitu, anatandaza mchele juu ya turubai. Ulikuwa umeshaanza kuota weupe. Alikuwa muuza mchele pale Soko la Tandale, amehamia Februari, na mtaji ulikuwa wa vikoba. Magunia matatu aliyaweka juu ya tofali moja moja, kwa kuwa aliambiwa maji hapa huwa yanafika mlangoni yanarudi. Aliyemwambia ni dalali. Kodi aliyolipa ilikuwa shilingi 40,000 kwa mwezi, miezi sita mbele. Kabla ya picha yetu vyumba vile vilikuwa 30,000. Hakujua mimi ni nani, aliona kamera tu. "Dada, nilipokuja kuona chumba nikaikuta hii picha," akaniambia, "nikasema hapa ni pazuri."

Sikumwambia kitu. Nilimpa pole, nikampiga picha kwa ruhusa yake, nikaondoka.

Labda hata mistari ingekuwapo asingeitazama. Labda angeisoma na bado angepanga, maana chumba cha bei ile karibu na soko hakipatikani kila siku. Nimelipima hili mara nyingi, na sijui. Ninachojua ni kwamba jirani yake, mama wa watoto wanne, ndiye aliyenieleza matumizi ya mistari ile, siku hiyohiyo, tukiwa tumesimama mbele ya picha. Watoto walikuwa wanasimamishwa pale kupimwa. Ambaye utosi wake haujafika mstari wa juu, maji yakija atabebwa. Aliyeupita atabeba. "Huyu wangu wa pili aliupita mwaka jana," akasema, "tukamfanyia na pilau." Vitanda viliinuliwa kwa kufuata mstari wa kati. Cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na kadi za kliniki vilipigiliwa ndani ya mfuko wa plastiki juu ya mstari wa 2011. Mtaa ule ulikuwa umejiandikia kitabu cha ukurasa mmoja.

Na lililonikaa kooni zaidi ni kwamba maarifa ya namna hiyo yalikuwa yanatafutwa mji mzima. Tandale yenyewe ilichorewa ramani mwaka 2011 na vijana wa pale pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, ulikuwa unapita mitaa ya Dar na simu mkononi, ukiwauliza wakazi maji yalifika wapi, goti au kiuno, mwaka gani. Wengine walikuwa wanakusanya majibu. Mimi nilikuwa na bajeti ya kuyapaka rangi.

Ripoti ya ukuta ule niliiandika Juni. Picha ya ukuta wenye mchirizi wa tope niliiweka ukurasa wa kwanza, na chini yake nikaandika kwamba mchoro ulistahimili mafuriko na umekuwa alama ya ustahimilivu wa jamii. Mfadhili alilipenda sana neno hilo. Yule mama wa mchele nilimhesabu kwenye jedwali la wanufaika wa moja kwa moja, maana alikuwa anaishi ndani ya mita hamsini.

Kisha rangi ikaanza kubanduka, kama kijana alivyosema. Ilianzia palepale kwenye mistari, ikajikunja kama ganda la muhogo. Vipande vilikuwa vinaokotwa na watoto wanachezea. Mfadhili alituma barua pepe kuuliza, na mimi nikajibu kwamba tatizo lilikuwa ubora wa kazi ya msanii. Aya moja, mistari minne. Tulipopata kuta za Temeke, kazi akapewa mwingine. Huyo wa kwanza alikuwa amelipwa laki moja na nusu kwa siku tano za jua, na alikuwa amenionya mbele ya ukuta wenyewe, kwa ukucha wake.

Mwaka 2020, taasisi ikiwa imefungwa na mimi sina cha kupoteza (naona aibu hata kwamba nilisubiri nisiwe na cha kupoteza), nilimtafuta. Nilimkuta Mbagala Rangi Tatu, ana kibanda chake karibu na stendi, anaandika kibao cha mama ntilie: wali, ugali, samaki wa nazi. Nilimwamkia, nikasubiri amalize herufi. Nikamweleza ile barua pepe, neno kwa neno kadiri nilivyokumbuka. Hakuacha kuchora.

"Sikuijua hiyo barua, dada," akasema. "Nilichoona mimi ni simu tu kwamba haiiti."

Nikamwomba radhi. Akasema ameshasamehe, kwa ule upesi ambao mtu husamehe ili mazungumzo yaishe. Halafu akaniuliza kama ule ukuta bado upo. Sikuwa nimekanyaga pale zaidi ya mwaka. Akacheka kwa mara ya kwanza. "Nenda kaangalie," akasema. "Lile jekundu litakuwa limetoka."

Nilikwenda Oktoba, baada ya mvua nyingine kubwa. Kichochoro kilikuwa bado kinateleza. Mbuyu ulikuwa umebaki nusu, samaki wawili watatu, jicho moja la msichana. Na mistari ilikuwa imetoka. Yote mitatu, myekundu vilevile, imepita katikati ya picha kuanzia kona hadi kona, na tarakimu zake zinasomeka. Kati ya wa juu na wa kati palikuwa na wa nne, rangi imekolea zaidi, umekata kitabu cha msichana katikati: 4/2018.

Fundi baiskeli alikuwa kwenye kigoda chake, anazungusha mrija ndani ya beseni, anatafuta povu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Dada wa mradi."

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikamwambia kwamba siku ile alivyouliza, nilimsikia. Kwamba aliuliza mistari, nami nikamjibu kibanda kwa makusudi. Alipata povu lake, akaweka kidole kwenye tundu, akalikausha kwa shati. "Najua ulisikia," akasema. "Mtu asiyesikia huuliza, 'Nini mzee?' Wewe hukuuliza."

Tukakaa kimya. Mtoto alipita akiburuta kipande cha bati. Mzee alikata kiraka kwa mkasi, akakwaruza mpira kwa msasa polepole pande zote, akapaka solusheni, akaipuliza. Kisha akaninyooshea kidevu kwenye ukuta, usawa wa paja, ambako tope la wiki ile lilikuwa bado bichi.

"Huu wa mwezi huu sijauandika. Nyekundu imeniishia."

Nikapanda juu barabarani kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kijana wa kaunta akaniuliza rangi gani, nikamwambia nyekundu, kopo dogo. Akainama chini ya meza, akainua kichwa.

"Ya maji au ya mafuta?"

"Ya mafuta," nikasema. "Na msasa."